Uzi wa Ghalani kwa Shangazi

Moa, Tanga
14 Februari 1957

Mpendwa Kaka Haji,

Shikamoo. Huku Moa sote wazima, alhamdulillahi, ila Shangazi Sabiha na magoti yake, na hayo unayajua. Wewe je, huko Kigoma? Kazi ya reli inakwendaje, na kile kikohozi kimekwisha? Tunakuombea kila siku, nawe huandiki. Haya, nimekusamehe, kwa kuwa leo nina habari njema.

Lile shauri la mpaka wa shamba letu la minazi limekwisha. Unakumbuka jirani zetu wa mkonge walivyokuwa wakisogea, hata wakadai kaburi la mama limo upande wao. Basi serikali ilimleta mpima ardhi apige mstari kati ya yale mawe mawili ya zamani, la barabarani na la mikokoni. Kwetu alikuwa na Jumamosi tu, kisha aende Maramba. Asingepima, mkonge ungebaki ulipo, na mama angebaki ndani yake.

Chombo chake, kile chenye darubini juu ya miguu mitatu, kilikuwa kimeanguka njiani, hakisemi kweli tena. Ndipo akaitwa Sadalla, mtoto wa mama mdogo, ambaye siku hizi ni fundi wa vyombo hivyo mjini Tanga. Akafikia kwetu. Kaka, laiti ungemwona. Alitandika shuka jeupe mezani, akanawa kama anayekwenda kuswali, akaomba finjani zote za Shangazi. Kila skrubu aliyoifungua aliitia katika finjani yake, na finjani akazipanga kwa jinsi alivyofungua, asije akapotea wakati wa kurudisha.

Ijumaa adhana ilimkuta kazi haijakwisha. Akafunika vitu kwa kawa, akaenda msikitini. Shangazi, unamjua kwa usafi, akafunua kawa apate pa kuweka chakula. Akaona pete ya shaba ina utando wa buibui. Buibui mwenyewe hayupo, kwa hiyo hakuona dhambi. Akaufuta kwa pindo la kanga, akaridhika.

Kumbe utando ule ndio roho ya darubini. Ni nyuzi mbili za buibui, mmoja umesimama na mmoja umelala, na mpima hulenga pale zinapokutana. Sadalla aliporudi alikaa kitako ameishika ile pete. Shangazi alipoelezwa alilia. Alisema amemfukuza wifi yake kaburini kwa pindo la kanga. Mimi nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia Sadalla kosa ni lake, nani huacha kitu kama kile chini ya kawa saa ya chakula?

Yeye akaiweka pete juu ya shuka. Alimuuliza Shangazi kwa adabu kama nyumba hii ina buibui. Swali gani hilo kwa mwanamke yule! Shangazi akaona haya, kisha akakiri yuko mmoja ghalani, nyuma ya mtungi. Humwachia kona yake kwa kuwa buibui ndiye aliyemsitiri Mtume pangoni. Akatoa sharti asiuawe, na arudishwe kwake.

"Naazima uzi wake tu, Shangazi," Sadalla akasema.

Akampandisha buibui kwenye kijiti chenye panda, akakitikisa taratibu. Buibui akateremka kwa uzi wake, naye Sadalla akawa anauzungusha kwenye panda. Shangazi ameshika kibatari, mimi nimeziba pua nisije nikapiga chafya. Kisha akaulaza uzi juu ya pete, akaugandisha kwa gundi, halafu wa pili. Mimi nyuzi zenyewe sizioni, ila mikono yake niliiona, haikutetemeka hata kidogo.

Alipofunga kila kitu akalenga mnazi wa mbali, akaipindua darubini na kuizungusha, akaulenga tena. Uzi ukaangukia pembeni. Akagusa skrubu, akarudia. Mimi nikasema sasa inatosha, iko karibu. Akaniambia karibu haipo katika kazi yake. Aliendelea mpaka uzi ukarudi palepale, darubini igeuzwe vyovyote. Mtu wa namna hii nampenda, kaka, nami najivuna kwamba ni ndugu yetu.

Kesho yake mstari ukapigwa, jirani wamesimama na sisi tumesimama. Kumbe mkonge wao ndio uliovuka. Mpima alimshika Sadalla mkono mbele ya watu.

Kabla ya kufungasha, Sadalla alimwita Shangazi atazame kaburi kwa darubini. Darubini ile huonyesha vitu juu chini, basi Shangazi akaja juu: "Mgeuze wifi yangu, umemlaza vibaya!" Tukacheka wote. Alipoelezwa kwamba ndivyo kioo kinavyoonyesha, akarudisha jicho, akatazama kaburi na uzi uliosimama ng'ambo yake, upande wa mkonge. Alikaa hapo sana. Alipoinuka alisema neno moja tu.

"Yumo."

Buibui yuko nyuma ya mtungi wake, na kona ile hairuhusiwi ufagio. Shangazi na Sadalla wanakusalimu. Nisalimie wifi Mboni na wanangu wote. Mwenyezi Mungu akulinde relini, akurudishe salama uje umsomee mama Yasini, ukiwa umesimama kwenye ardhi yetu.

Mdogo wako akupendaye,
Saleha