Jaketi la Mnadani

Jumamosi, Julai

Na hili jaketi nimelitupa chini ya kitanda, sitaki hata kuliona.

Alfajiri mimi, shemeji na baba mkwe tulijibanza nyuma ya wavu wa kutegea, kimya, tukimsubiri nguruwe pori anayetumalizia mahindi. Baridi ya hapa Matiri ilikuwa kali, umande umetulowesha hadi magotini. Baba mkwe alivaa shati tu, na kanga ya mama mkwe shingoni. Mimi nilivaa jaketi la nailoni, mtumba wa mnadani Mbinga, nikajiona mjanja.

Nguruwe alipokaribia wavu, nikaingiza mikono mifukoni kuipasha joto. Jaketi likalia chakachaka. Nguruwe akageuka, akatokomea. Ndipo baba mkwe akakohoa.

Shemeji akamgeukia kwa hasira. "Baba, kikohozi chako kimetukosesha nyama!"

"Nisameheni, wanangu. Ni baridi hii," akasema mzee.

Nami nikanyamaza. Mtu mzima mwenye watoto, nikanyamaza!

Njiani tulipobaki wawili na mzee nikalivua jaketi, nikampa. "Baba, vaa wewe, upate joto."

Akalirudisha mikononi mwangu taratibu.

"Vaa tu, mwanangu. Hilo lina kelele."