Tanki la Pamba Fifi

Alhamisi, 12 Septemba 1996

Sijamwambia mtu, hata padre kwenye kitubio: nataka kuwa fundi. Fundi wa mitambo! Darasani nikiulizwa swali natazama dawati, mdomo unakauka. Lakini leo nimesema mbele ya baba. Nilimpelekea karatasi ya kuchagua masomo ya Form Three. Akasema sayansikimu, nijue kupika. Nikasema — sauti kama ya mbu — Fizikia.

Baba mdogo Masunga akaangua kicheko. "Huyu? Asiyeweza hata kumwamkia mgeni?"

Baba akanyoosha kidole kwenye tanki langu dogo la bati kule jikoni, lile ninalotaka lipoze maji kwa umeme. Maji yakipoa kabla wageni wa jumuiya hawajafika Jumapili jioni, atasaini Fizikia. Yasipopoa — sayansikimu, na betri niliyoazima inarudi kwenye redio yake.

Haya!

Ijumaa, 13 Septemba

Nimemaliza kufunga mtambo. Kigae cha kupoza ni cheupe, kidogo kama biskuti. Nilikitoa kwenye friji bovu la gari, walilolitupa wanunuzi wapya wa pamba. Mwalimu Novatus alinieleza: kipe umeme wa betri, upande mmoja unakuwa baridi, wa pili moto. Cold side, hot side. Upande wa baridi nimeubana kwenye tanki. Wa moto una mapezi ya alumini, vibati vyembamba kama mapezi ya samaki, nimeyatokeza nje kwenye tundu la ukuta wa jiko, upepo uchukue joto.

Tanki nimelivika pamba fifi, ile chafu waliyotukatalia mnadani. Wao wameikataa — mimi naitaka!

Jumamosi, 14 Septemba

Vuguvugu! Kama maji ya kuogeshea mtoto!

Baba mdogo alikinga kikombe, akapiga kelele kwa mama: "Shemeji, lete majani ya chai, friji limechemka!" Baba hakucheka. Aliitazama redio tu.

Nyaya ziko sawa. Nimekagua zote. Nimelia nyuma ya zizi. Kulia nimeacha. Tanki siachi.

Jumapili, 15 Septemba

Bibi! Ni bibi!

Jana asubuhi alikandika ukuta wa jiko kwa udongo na samadi, kwa heshima ya wageni. Akapita juu ya mapezi yangu yote, akayalainisha kabisa, huoni kitu! Joto likakosa pa kutokea, likarudi kwenye maji.

Nikachukua kisu. Bibi akashika kichwa: "Ng'wanone, mwanangu, wageni waje waone tundu?"

"Ndiyo bibi. Waone."

Mimi nimesema hivyo! Nikabandua mpaka alumini ikang'aa.

Sasa ni jioni. Wageni nawasikia njiani, wanaimba. Baba ameuona ukuta. Ameniita — "Milembe!" — mara moja, kwa ile sauti yake. Sijaitika. Yuko jikoni. Koki ya tanki imelia.



Koki imelia tena: anakinga kikombe cha pili.

Hatua zinakuja huku. Siku zote daftari hili nalisukumia chini ya godoro. Leo hapana. Liko wazi mapajani, karatasi ya masomo iko pembeni yake. Kalamu ya kusainia humu ndani ni hii moja.

Aje aiombe.