Mpira Kati ya Pleti Mbili

Nyarugusu, Jumatano, 12 Novemba

Baba Kulwa,

Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haijashuka. Maji kwenye kikombe changu yanatetemeka.

Ulipokuwepo hayakutetemeka.

Watakaosoma hapa hawakukujua, kwa hiyo naeleza. Ulikuwa na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, jirani na duara, shimo letu la kuchimbia. Ulilikalisha juu ya pleti mbili za chuma, na katikati ya pleti hizo ukabana mpira mnene. Jioni moja, mashine ilipozimwa, ulinishika mkono ukauweka pembeni, penye mpira. Mpira ulikuwa na joto kama tumbo la kuku anayeatamia.

"Mtikisiko umeishia humu, Mama Kulwa," ulisema. "Chuma kwa chuma vinapasiana tu. Mpira unaumeza, unaugeuza joto. Duarani haufiki."

Tulipokuzika, ukoo ulimkabidhi mdogo wako Masanja karasha. Watu wakamnong'oneza kwamba marehemu alificha dawa ya kuvuta dhahabu katikati ya zile pleti. Jumatatu akafungua boliti. Akauchana mpira vipande vipande akitafuta hirizi. Hakupata kitu. Akafunga chuma juu ya chuma, akawasha.

Nilimfuata. "Shemeji, rudisha mpira. Ardhi inatikisika."

"Shemeji, wewe hata pangaboi la darini unaliogopa!" Wachimbaji wakacheka. Kisha akanitazama vizuri. "Au hiyo dawa unayo wewe?"

Nikaondoka. Unajua huku kwetu mjane akishatajwa na dawa mambo huwa yanaishia kwenye mapanga.

Leo mwanetu Doto, anayechimba humo, amepanda kutoka duarani na mchanga kwenye nywele. Anasema unadondoka kila karasha linapowaka, na matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yanalia. Nimemwomba asishuke kesho.

"Mama, nisiposhuka, halafu kitu kikatokea, watasema ulijua kwa sababu umeroga."

Nikaenda kutafuta mpira.

Nimepata tyubu kuukuu ya lori. Nimeikata kwa kisu cha jikoni, nikaipanga tabaka juu ya tabaka hadi ikafika unene wa ule wako. Kesho, kabla hawajawasha, nitaenda nayo mbele ya watu wote, na nitakaa juu ya karasha mpaka waifunge.

Naogopa.

Unikumbuke huko uliko. Na ninyi mnaosoma, nikumbukeni hivi: mimi ni Mama Kulwa, sina dawa yoyote. Nina mpira.