Nimeondoka na Kitambaa cha Daktari wa Meno

Mama Bernadina, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Buseresere, nakusoma hata gazeti likinifikia limefungia maandazi, na leo naomba unisaidie haraka kwa sababu Jumamosi haiko mbali na mke wangu ameniasi.

Nina miaka thelathini na tisa, nina mke mmoja na watoto wawili, Generosa wa miaka kumi na miwili na Benjamini wa miezi saba, na kazi yangu ni uchimbaji, nazama duarani kwa kamba mita sitini kwenda chini, na huko chini sijawahi kuogopa kitu, hilo naomba ulijue mapema kwa sababu kuna maneno mke wangu anayasambaza. Wiki mbili zilizopita Benjamini alianza kuharisha, joto likapanda, akawa analia na kutia kila kitu mdomoni, na mama yangu mzazi, Bibi Martina, ambaye amekuja kututembelea kutoka Ushetu, akamfunua kinywa akaona vijipu viwili vyeupe kwenye fizi ya juu, pale yanapokaa meno ya chonge, akasema papo hapo kwamba hayo ni meno ya plastiki na yasipotolewa mtoto hatutamaliza naye mwezi. Kijijini kwake yupo mtaalamu anayeyachokoa kwa spoku ya baiskeli, mara moja tu, halafu anapaka chumvi, na ndiye aliyemtolea Generosa alipokuwa mchanga, akapona ndani ya siku nne. Tumepangiwa Jumamosi. Na usifikiri sisi ni watu wa ovyo, spoku inachomwa motoni kwanza.

Sasa mke wangu Justa, ambaye kwa Generosa alikubali kila kitu na hata ndiye aliyemshika miguu, safari hii kagoma. Alimsikiliza mama yangu mpaka mwisho, akaitikia kwa heshima, asubuhi akaaga kwamba anampeleka mtoto kliniki, na kutoka kliniki akaunganisha basi kwenda Isaka kwa dada yake, na mpaka leo yuko huko. Kliniki walimpima mtoto, wakampa dawa ya unga ya kuchanganya na maji pamoja na vidonge, na Justa anasema ameshaacha kuharisha na ananyonya vizuri, lakini mama yangu anasema hiyo ni kutuliza tu, chanzo bado kimo kwenye fizi.

Nikampigia simu kumwambia amlete mtoto, na ndipo akaingiza habari ya jino langu, jambo ambalo halihusiani kabisa. Nina jino la nyuma, chini kulia, lina tundu tangu mwaka juzi, na mimi sijalizembea, nimeweka karafuu, nimeweka ugoro, nimeweka pamba yenye petroli, na juzi juzi nimeweka maji ya betri ambayo yalisaidia kidogo ila yalinibabua shavu kwa ndani, basi natafunia upande wa kushoto na maisha yanaendelea. Mwezi uliopita Justa alinisindikiza hospitali, nikaingia, nikakaa kwenye kile kiti kinacholala, muuguzi akanifunga kitambaa cha kijani kifuani, na daktari, binti mdogo tu, akafungua pakiti ya sindano mbele yangu. Mimi siogopi sindano, ila nilijiuliza hii imetoka wapi na imepita kwa nani, maana pakiti hata mtu baki anaweza kuifunga upya. Nikaomba nitoke nipokee simu, na ile simu ikawa ndefu. Nilipofika stendi ndipo watu wakaniuliza kama nimetoka kunyolewa, nikagundua kitambaa bado ninacho. Justa alinisubiri kwenye benchi mpaka wakafunga, na aliporudi nyumbani alikitundika kwenye msumari sebuleni, kila mgeni anauliza.

Basi juzi kwenye simu akaniambia hivi: "Siku utakapokaa kwenye kile kiti mpaka mwisho, ndipo tutaongea habari za kinywa cha mwanangu."

Naomba unijibu, Mama Bernadina, je, mke anaruhusiwa kumwekea mume masharti ya namna hii? Na je, nikijikaza nikakaa Ijumaa, si atakuwa amefungwa na neno lake na Jumamosi tunaenda? Mama yangu amenuna, hata chakula changu anakionja tu. Generosa naye amekuwa mkimya, ingawa huyo tangu zamani ni mtoto wa adabu, hata akicheka anafunika mdomo kwa mkono. Nampenda yule mdogo, sitaki nimpoteze kwa ubishi wa mama yake. Nisaidie.

Baba Generosa, Buseresere

*

Marahaba, Baba Generosa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka wenzangu hapa ofisini wakaja kuuliza, na mara ya pili sikucheka tena.

Tuanze na Jumamosi. Ifute. Sikusema uisogeze mbele, nimesema uifute, na leo hii umwambie mama yako hivyo kabla hujamaliza kusoma safu hii. Mimi si daktari, kwa hiyo nilimpigia tabibu wa meno ninayemfahamu, Bwana George, ambaye amekaa huku kwetu miaka mingi, na hakuna alichosema kwa mzaha. Meno ya plastiki hayapo. Vile vijipu vyeupe ni meno ya chonge ya mtoto mwenyewe, bado yako ndani ya fizi yakisubiri zamu yake, na kila mtoto anayo, na wa daktari anayo pia. Spoku inapoingia pale inachimbua jino changa, inaacha kidonda kwenye kinywa cha mtoto ambaye tayari amedhoofika, na Bwana George amepokea watoto waliovuja damu isiyokatika na wengine ambao uchafu uliwaingia kwenye damu. Baadhi yao walirudishwa nyumbani wamefunikwa.

Mtoto wa miezi saba anaharisha kwa sababu anatambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni, au amekunywa maji yasiyochemshwa, au ana malaria. Dawa yake ni ile aliyoitafuta Justa: kupimwa, maji yenye ile dawa ya unga, vidonge vya zinki na ziwa la mama. Huyo mtaalamu wenu kwa Generosa alikuta kuharisha kunaondoka kwenyewe, akapunga tu mkono wa kwaheri, sifa akapewa yeye. Na kwa Benjamini umeandika mwenyewe kwamba ameshaacha kuharisha na ananyonya. Kwa hiyo unachoniomba, ukiondoa maneno mengi, ni nikusaidie kumrudisha mtoto mzima ili akaumizwe.

Sasa nakuja kwa Generosa, ambaye umempa mstari mmoja mwishoni, ukauita adabu. Mwite, akae penye mwanga, umwombe kwa upole akufungulie kinywa, uangalie juu pale alipochokolewa. Sijamwona, lakini Bwana George aliniambia cha kutegemea: chini ya jino la utotoni limelala jino la ukubwani, na spoku haijui pa kuishia. Kwa umri wake chonge zilipaswa kuwa zimetoka au zinatoka. Ukikuta pengo, au jino lililopinda lenye doa la kahawia, basi utakuwa umejua kwa nini mwanao anacheka akijificha. Mama yake alishajua. Yeye ndiye aliyemshika miguu, Baba Generosa, na miaka yote hii amekuwa akiutazama ule mkono unavyopanda mdomoni kila mtoto akichekeshwa. Hajakuasi. Kakimbiza mmoja kwa sababu wa kwanza hakuwahi kumkimbiza, na hilo linamuuma kuliko jino lako.

Na jino lako tusilisahau. Unazama mita sitini kwa kamba iliyofungwa na mtu mwingine na huulizi, lakini sindano inayofunguliwa mbele ya macho yako unataka kujua ukoo wake. Spoku hukuiuliza imepita kwa nani. Na ile sindano, bwana mkubwa, ndiyo ganzi yenyewe, ipo ili wewe usisikie maumivu. Kwenye mpango wenu wa Jumamosi sikuona ganzi yoyote. Mtoto wa miezi saba achokolewe kavu kavu, na baba yake wa miaka thelathini na tisa awe stendi anaongea na simu isiyopigwa na mtu.

Acha maji ya betri leo, yanaunguza nyama na mfupa, na petroli pia iache. Ungeenda mwaka juzi, tundu lingesafishwa na kuzibwa siku hiyo hiyo, ukarudi kula nyama pande zote mbili. Kama limeshafika kwenye mshipa, huwa wanasafisha mzizi kwa safari kadhaa kisha wanaliziba. Kama limeoza kabisa watalitoa. Kwa jinsi ulivyolitendea sikuahidi kuzibiwa, ila hilo ataamua yule binti mdogo aliyekisomea kinywa miaka mingi. Shavu likivimba au ukipata homa usisubiri hata Ijumaa. Na muwe mnapita kukaguliwa familia nzima kila mwaka, hata kama hakuna anayelia, ugaga ukwanguliwe kabla haujaharibu fizi.

Nimetafuta neno mswaki kwenye barua yako sikuliona. Karafuu ipo, ugoro upo, betri ipo. Nunua minne, kila mtu wake, msiazimane, mpige asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi, na ule wa Benjamini uwe mdogo na laini, dawa yake isizidi punje ya mchele. Kabla jino lake la kwanza halijatoka, Justa amfute fizi kwa kitambaa safi chenye maji. Asilazwe na chupa ya chai ya sukari mdomoni. Na kama huko duarani unakunywa soda mchana kutwa kama wachimbaji wengi, zipunguze, huenda zimechangia lile tundu.

Mama yako usimgombeze. Alifundishwa vibaya na watu aliowaamini, naye anampenda mjukuu wake. Siku ya kliniki nenda naye, akae mbele ya muuguzi, aulize maswali yake yote mwenyewe. Akinuna, mpikie anachokipenda.

Umeniuliza kama ukikaa kwenye kiti mke atakuwa amefungwa na neno lake. Lisome tena neno lenyewe. Alisema mtaongea. Hakuahidi kumleta mtoto kwenye spoku, na wewe usiende hospitali kama mtu anayekwenda kubadilishana. Mpigie Justa leo, usianze na jino lako wala habari za masharti. Mwambie, "Jumamosi nimeifuta, na Generosa nimemwangalia." Halafu nyamaza, umwache aseme alichokibeba miaka yote.

Ijumaa nenda hospitali na Generosa. Mwombe daktari amtazame yeye kwanza, wajue kama kuna namna ya kumsaidia meno yake, kisha akae pale pembeni akuone baba yake anavyofungua kinywa. Kile kitambaa kishushe msumarini, ukifue, ukipige pasi, ukakirudishe kwa mkono wako. Muuguzi akikuuliza ulipotelea wapi, usimtajie simu. Atakufunga tena kifuani, na safari hii akuvue yeye mwenyewe.

Mama Bernadina