Shati la Mistari

3 Machi

Dada mpendwa,

Habari za huko mlimani? Kikohozi kimekuachia? Mimi ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kompyuta za ofisini zina macho mengi.

Jana kamati ya darubini ilianza kusoma maombi ya wanaotaka kuitumia. Majina hufutwa ghorofa ya chini kabla karatasi hazijatufikia, na yeyote atakayemtambua mwombaji sharti aseme. Mwenyekiti alifika kwenye ombi la nyota za bluu, akasoma kwa sauti: "Mkalishe mtoto mwenye shati la mistari kwenye kiti cha kinyozi, ukizungushe. Mistari itatanuka na kufifia. Nyota inayozunguka kwa kasi huifanyia hivyohivyo mistari myeusi inayoonekana mwanga wake ukitawanywa kuwa rangi za upinde."

Wakacheka kwa kupendezwa. Mimi mwandishi wa kikao nikaacha sentensi katikati. Dada, maneno hayo nilikuandikia mimi! Uliponiomba niieleze kazi yako kwa lugha nyepesi, nilidhani unataka Baba naye aielewe. Shati lilikuwa langu, kiti ni cha Baba, na aliyekizungusha mpaka nikatapika ni wewe. Na hapa ofisini, kwa sababu ya kazi ya Baba, wananiita Wembe.

Nifanye nini? Bado niko kwenye miezi ya majaribio.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Kikohozi kimepoa. Msalimie Baba, mwambie apunguze chumvi.

Nakuomba unyamaze. Ukisema, watataka kujua ni nani, na jina langu likifika mezani nimekwisha. Mwenyekiti hajanisamehe tangu nilipompinga mbele ya wageni wake.

Unajua ninachotafuta. Nyota za kishada kimoja, yaani kundi moja angani, zilizaliwa pamoja na kuzeeka pamoja, lakini hizi za bluu zimebaki wasichana katikati ya mabibi. Ama zilimfyonza jirani, ama ziligongana zikaungana. Nataka kujua kama zile zinazoishi pasipo msongamano ndizo zinazozunguka kwa kasi zaidi. Kishada changu kitaonekana msimu huu tu, kisha jua litakifunika, na mkataba wangu unaisha msimu huuhuu.

Wewe hupigi kura, unaandika tu wanayosema. Umemdhulumu nani? Tangu utotoni unaogopa hata mlio wa mkasi.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi nimejaribu kuugua, mwili umekataa.

Maombi mawili yamelingana alama, lako na la watu wanaotaka darubini siku zilezile. Wiki ijayo watachomoa karatasi kwenye kopo. Mwenyekiti amesema, "Achomoe Wembe. Yeye hana ndugu angani." Wote wakacheka. Nami nikacheka nao, Dada, na hilo ndilo linaloniuma.

Mkono wangu ukitoka na karatasi yako, halafu siku moja mtu akajua, nani ataamini utakachokiona? Watasema nyota zako zilizungushwa ofisini. Niruhusu niseme. Nijibu upesi.

Mdogo wako

22 Machi

Dada,

Sijui kama u mzima, maana hukujibu.

Nimesema. Lilikuwa kopo la kahawa, na mkono wangu ulikuwa umeshaingia ndani. Nikautoa mtupu. Nikasema, "Samahani, Mzee. Mmoja wa hawa ni dada yangu."

Hakuuliza ni yupi. Aliniambia nitoke, akaagiza aitwe mama wa mapokezi aje achomoe yeye. Tulipishana mlangoni, miwani yake iko kichwani, anauliza kuna nini. Nikiwa nje nilisikia karatasi ikikunjuliwa, basi. Jioni wakachukua funguo zangu.

Matokeo hawakuniambia. Wewe utakuwa umeshayajua. Niandikie, hata kama ni tusi.

Mdogo wako

30 Juni

Mdogo wangu,

U hali gani? Barua hii naituma kinyozini kwa Baba, nasikia ndiko uliko, na kwamba kuna mteja umemwachia ngazi kichwani.

Nilinyamaza kwa hasira, halafu kwa aibu. Hiyo aibu ndiyo iliyokaa zaidi.

Mama wa mapokezi alichomoa karatasi yangu. Wale tuliolingana nao alama hawakuchelewa kugundua kuwa nina ndugu kwenye kamati, wakapeleka malalamiko nifutiwe kila kitu. Walijibiwa kwamba ndugu huyo alitoa mkono mtupu mbele ya watu wote, akatoka nje. Mambo yakaishia hapo. Aliyetia saini jibu hilo ni Mwenyekiti mwenyewe.

Nimewaandikia wakurudishe kazini. Hawajanijibu.

Nyota za mwanzo zilinikatisha tamaa, mistari yao ilikuwa myembamba kama uzi. Kisha ikaja moja ya pembezoni mwa kishada, kusiko na msongamano. Picha ya mwanga wake iko ndani ya bahasha hii. Itazame kwa makini, uone mistari ilivyotanuka na kufifia.

Mwonyeshe Baba. Mwambie hilo ni shati lako.

Dada yako