Kiti ya Siku ya Mwisho

Shekina, bukari ya unga ya mahindi iko mu sufuria. Funika samaki, paka asiingie.

Asubui ulicheka juu nilikuomba unifunge biatu. Mutoto wangu, haiko uvivu. Miaka makumi mbili niko nainama kukamata bitabu bya chini kule bibliothèque. Mugongo ilikatala. Munganga alisema niache kazi, na leo njo mwisho.

~~Usimwambie tata.~~ Umwambie baba yako wewe, mi sitaweza.

Kila mwaka niliomba ba chef kiti yenye kushika mugongo. Inafika leo. Banataka nimuonyeshe Laure, ule mwenye kuingia pa nafasi yangu, namna ya kuikalia.

Nitamuonyesha muzuri. Asikuwe na mugongo kama yangu.

Mama yako