Maji ya Ba Jekor

Bondeni,
S.L.P. 88,
Nakuru.
14 Mei, 1957

Mpendwa kaka yangu Darweshi,

Assalaam alaykum. Nakujulia hali wewe, wifi yangu na wanafunzi wako wa chuoni huko Pangani. Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukiinuka kwenye mkeka? Natumaini mko salama. Ukituuliza sisi, tu wazima, yaani sisi tuliobaki.

Rambirambi zako zimefika. Umeandika kwamba kifo cha somo yako, mwanangu niliyempa jina lako, ni kadari, na kwamba nisubiri. Nimesubiri, kaka. Sasa na wewe nisubiri kidogo, maana nina maneno yamenikaa kooni tangu Ramadhani na sitayameza.

Mvua hapa bado zinapiga. Mtaa ni tope tupu, na choo cha uani kimefurika mpaka karibu na kisima. Ulijionea mwenyewe ulipokuja Shaabani, ukawa unainua kanzu kila ukipita.

Unamkumbuka Ba Jekor, yule bibi wa Kihindi, mama wa mwenye duka ambalo mume wangu Miraji anashonea nguo barazani pake. Mimi humchambulia dengu na mchele. Kwao, miezi ya mvua ina miiko mingi. Hufunga, hula mara moja kwa siku tena kabla jua halijatua, mboga za majani na biringanya hawagusi, na maji yao ni ya kuchemsha. Nilidhani ni miungu yao tu ndiyo inayotaka hivyo.

Siku moja nikamuuliza. Akageuza jani la mchicha, nikaona mayai ya wadudu na tope lililoganda. Akapasua biringanya, funza huyo! Kula mapema ni kwa ajili ya kumbikumbi wanaoangukia sahanini taa ikiwashwa. Na tumbo, alisema, wakati wa mvua huwa zito, ukilijaza linakugeuka. Wazee wao waliona watu wakifa kila mvua. Wakajua kwamba ukimwambia mtu achemshe maji atakubishia, lakini ukimwambia ni amri ya Mungu atanyamaza.

Tena hugombana na mwanawe juu ya mambo hayo hayo. Mwana hufuata kalenda ya Bara Hindi, ambako mvua huanza mwezi wa sita. Mwezi wa nne hapa Nakuru mafuriko, yeye anakula kila kitu kwa kuwa kalenda haijasema. Ba humpigia kelele kwa Kiswahili, na sisi wa uani tusikie: "Tumbo iko soma kalenda? Tumbo naona mvua tu!" Kufunga kwake kwa ibada hungoja mwezi wao. Jiko lake hufuata mawingu ya hapa. Ndipo nikaelewa kwamba hayo ni mambo mawili.

Basi mimi nikachukua maji na mwiko wa mchicha, miungu nikamwachia mwenyewe. Masika mawili watoto wangu hawakuharisha. Miraji alinung'unikia kuni, lakini alizinunua.

Ukaja wewe. Ukaona sahani haina mchicha na sufuria ya maji iko motoni, ukauliza mbele ya wageni: "Khamisa, siku hizi unafunga na Mabaniani?" Watu wakacheka. Ukasema kwamba chakula cha halali hakina mwezi wa kukatazwa, na anayefuata miiko ya kafiri yuko nusu ya njia ya kuingia dini yake. Hukuniuliza kwa nini nafanya vile. Mwalimu mzima, kaka! Kesho yake ukapanda gari la moshi ukaenda zako.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wallahi mimi sikuuacha, nilinyang'anywa. Miraji alimwaga maji yangu kwa mkono wake, akisema mwalimu ameshakata neno. Tangu siku ile tukanywa maji kama yalivyotoka kisimani.

Ramadhani ilipoingia, mtoto akashikwa na homa. Hospitali, swali la kwanza la daktari lilikuwa ni maji gani tunakunywa. Miraji akatazama miguu yake. Ilikuwa homa ya matumbo, na katika kumi la mwisho mtoto akatutoka. Mpaka mwisho alikuwa akiniomba maji, nami mamake nikiogopa kumpa.

Siku ya maziko Ba Jekor alikuja. Hakuingia, alisimama nje kwenye tope na ndoo mbili za maji yaliyochemshwa na kuchujwa kwa kitambaa. Wazikaji walirudi adhana ya magharibi imeshalia, na kiu ya saumu, wakayanywa yote. Miraji naye alikunywa. Hakuna aliyeuliza yale maji yana dini gani.

Sikatai kadari, usije ukanisomea. Lakini Mungu huyo huyo ndiye aliyetupa moto na sufuria.

Ninalotaka kwako ni moja. Kinsi, binti yangu, bado mdogo, na mvua hazijakatika. Miraji mpaka leo anakataza, maana akigeuka sasa atakuwa amekiri, na hilo linamtisha kuliko kisima. Nikisema mimi ni maneno ya mwanamke, ukisema wewe ni elimu. Mwandikie kwamba ulikosea. Usizungushe maneno. Usipoandika, maji nitayachemsha vivyo hivyo, na kama ni talaka na anipe, nitaondoka na Kinsi na sufuria yangu.

Nisalimie wifi Mwanahawa, na shangazi Tabu mwambie namwombea macho yake. Kinsi anakuamkia, shikamoo mjomba. Mungu akupe umri mrefu, na akujaalie kuuliza kabla ya kukata neno.

Somo yako ndiye aliyekuwa akigombania kalamu aandike jina lake mwisho wa kila barua, akijivuna kwamba ni lako pia. Nimemwachia nafasi yake hapa chini. Ijaze wewe.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye hata leo,
Khamisa